Uzuri na Ubaya wa Jeep Utakayoendesha Kesho

Yolande mwanangu,

Uliniomba karatasi moja tu. Ulisema, "Papa, uniandikie uzuri na ubaya wa jeep, nisome mbele ya kufika kwenye barabara mubaya." Ulitaka mistari kumi. Nimekaa hapa barazani tangu tulipotoka misa. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako yuko ndani anakunja nguo zako, na mistari kumi imenishinda. Pokea hii badala yake. Uisome kesho asubuhi kabla hujawasha injini, usingoje mpaka ufike Kasenga njiani.

Maji, mafuta, upepo wa magurudumu, hayo nimekufundisha, na ukiyasahau ni shauri lako. Nitakuandikia yale ambayo sikukufundisha. Mojawapo linamhusu Banza, mdogo wangu, baba yako mdogo, aliyeuawa ukiwa na miaka sita. Kesho kutwa utalala Pweto kwa mjane wake, Mama Astrida, ambaye amekubali kukupa chumba ili uanze kazi yako ya uuguzi. Huyo mama ana swali moja. Anataka kujua kama nilimsikia mume wake alipogonga mlango wa jeep yangu siku ile. Aliniuliza mara moja tu, nikamjibu kwamba sikusikia, na hajarudi hapa tena.

Wiki iliyopita mezani ulisema utamaliza mambo hayo wewe mwenyewe. Ulisema, "Nitamuambia Mama Astrida: ile jeep, ukifunga vioo, haisikie kintu, na milango inajifungaka yenyewe. Papa hana kosa." Kisha ukamega tonge la bukari ukaendelea kula, umeridhika kabisa. Nilikuangalia nikaona kwamba nimekulea vizuri sana, hata utakwenda kuusema uongo wangu kwa imani zaidi kuliko mimi mwenyewe.

Tuanze na uzuri, maana upo. Injini ina silinda sita na haijawahi kuniangusha. Ukipanda mlima umejaza mizigo, usiikanyage kwa hasira, iguse tu, itakwenda. Breki zake ni nzuri kuliko tabia ya dereva wake. Chini haina springi za kawaida, ina mifuko ya hewa, kwa hiyo ukifika kwenye mashimo ubonyeze kile kitufe chenye mshale, itajiinua yenyewe na tumbo halitagusa mawe. Ndiyo maana matajiri waliipenda. Si kubwa kama magari ya kwenda porini, inaingia hata kwenye vichochoro vya mtaa wa Makomeno, lakini ukishuka watu wanakupisha.

Jinsi nilivyoipata unajua nusu. Nilikuwa dereva na fundi wa patron, bosi mmoja wa mgodi. Bei ya shaba ilipoanguka, wakubwa wa migodi walikimbia mji huu kama nyumba inaungua. Waliacha tanuru bado zina moto na watu wamesimama getini wakingoja mtu wa kuwaambia chochote. Patron wangu nilimpeleka Kasumbalesa. Pale mpakani msururu wa malori ulikuwa mrefu, akaogopa kuchelewa, akaamua kuvuka kwa miguu na sanduku moja. Alisaini karatasi juu ya boneti, akanirushia funguo, akaenda. Miaka minne niliyomwendesha hakujua jina langu.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Nusu nyingine ni kwamba nilipogeuza kurudi Lubumbashi, niliwakuta wenzangu wa mgodi wanatembea kando ya barabara, buti zao za kazi zinaning'inia mabegani. Watu niliokula nao. Waliitambua jeep, wakanyoosha mikono. Nilifunga vioo vyote vinne. Hapo ndipo nilipoujua uzuri wake mkubwa. Ukifunga vioo, dunia inanyamaza. Niliona midomo yao inafunguka na kufumba, sikusikia hata neno. Na nilifurahi, Yolande. Sijawahi kufurahi hivyo hata siku uliyozaliwa.

Ubaya wake wa kwanza umo katika ile mifuko ya hewa. Imezeeka. Ukiipaki usiku, asubuhi utakuta upande wa nyuma kushoto umeshuka, kama ng'ombe anayelala. Usiondoke kabla haujainuka. Ubaya wa pili ni umeme wake. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, fundi wa Pweto atafungua boneti, atakuna kichwa, atakwambia inataka kompyuta. Usimwache aguse waya. Inakunywa mafuta kama mjomba wako kwenye harusi ya wengine. Haya yote yanavumilika. Ubaya ambao haukuvumilika ni viti.

Unavijua viti. Ngozi laini, rangi ya krimu. Kila kitu kinaonekana juu yake, hata jasho la mgongo. Baada ya mgodi kufungwa, viti hivyo ndivyo vilivyotulisha. Bibi harusi aliyetaka kuonekana, toka Makomeno hadi Kampemba, alitaka kushuka kutoka kwenye jeep ya Papa Modeste. Kila Jumamosi nilifunga riboni kwenye boneti na kuvaa tai. Shela jeupe likikaa kwenye ngozi yenye doa, familia nzima inalalamika na jina lako limekwisha. Kwa hiyo nilivilinda. Naandika hivi ili ujue ilivyokuwa, si ili unitafutie sababu. Ukinitafutia sababu hapo nitajua hukusoma.

Banza naye alikuwa anachimba Kambove. Alikuwa anashuka kwenye mashimo yale ya kuchimba kwa mkono, anatoka na mfuko wa mawe mgongoni, na matope yanayokauka yakawa rangi ya majivu yenye kijani ndani yake. Yale matope hayatoki. Unaosha nguo mara tatu, ya nne bado maji yanachafuka. Kila alipokuja mjini kuuza alifikia kwetu, na kila alipofika wewe ulikimbia kumrukia, na mama yako alipiga kelele kuhusu gauni lako.

Nataka umjue kidogo, maana kwenye masimulizi yangu amebaki mtu anayekimbia tu. Tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kule kaskazini, baba yetu akiwa fundi wa njia. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vya Jumapili kwa watoto wawili. Mimi nilikwenda misa ya kwanza, yeye misa ya pili, tunabadilishana nje ya kanisa, mmoja akibaki pekupeku. Mimi nilimpa viatu kama nilivyovivua, vina vumbi na joto la miguu. Wiki niliyokwenda misa ya pili, yeye alinipa vimefutwa. Alikuwa anavifuta kwa shati lake mwenyewe, ndani na nje, kabla hajaninyooshea. Mama yetu alimchapa kwa ajili ya lile shati, na hakuacha. Sikuwahi kumwambia asante, niliona ndivyo mdogo anavyopaswa kufanya.

Sasa mtu huyo, siku ya kwanza alipotaka kupanda jeep yangu, nilimzuia kwa mkono kifuani. Nikamwambia atazunguka nyuma, atagonga mlango wa nyuma mara mbili, na atangoja hapo hapo. Mimi nitashuka, nitatoa lile turubai la bluu tulilokuwa tunaliita bâche, nitalitandika kwenye kiti, ndipo apande. Asishike mlango yeye mwenyewe, kwa sababu hata mshikio wa ndani una ngozi.

"Yaya, na miye si niko muntu," aliniambia mimi kaka yake, anacheka.

"Weye uko muntu," nilimjibu. "Ile matope njo haiko muntu."

Angekasirika, ningeiacha ile sheria baada ya wiki moja, unanijua, sipendi kelele. Hakukasirika. Alizunguka nyuma, akagonga mara mbili, akangoja amesimama wima kama askari, mikono ubavuni, ili kunichekesha. Nikacheka kweli. Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila mara, miaka miwili. Hata akiwa ametoka kuoga. Hata mvua ikinyesha. Wewe uliigeuza mchezo. Ulikuwa unagonga mlango wa jikoni mara mbili na kusimama wima, mama yako akikuuliza unataka nini unasema, "Ninangoya bâche." Nyumba nzima ilicheka. Hata mimi nilidhani ni jambo la upendo.

Siku ile yenyewe sihitaji kuipamba. Asubuhi waasi wenye vitambaa vyekundu vichwani waliingia mjini na silaha zao, wengine bunduki, wengine mishale na mapanga, na wanajeshi walianza kuwajibu. Nilikuja kukuchukua shuleni. Ulikuwa kiti cha nyuma, mfuko wa daftari magotini, nilikuwa nimekufunga mkanda. Turubai lilikuwa nyuma kabisa, limekunjwa. Tulipofika kwenye ile njia panda yenye duka la vitambaa, kigari cha kusukuma kilikuwa kimepinduka, magunia ya makaa yamejaa barabarani, watu wanayaruka. Nikasimama. Nilikuwa bado sijazima injini, vioo vimefungwa.

Sikiliza vizuri sasa, maana hapa ndipo lilipo lile ulilopanga kumwambia Mama Astrida. Ulisema jeep haisikii kitu. Ni kweli kwa sauti za nje. Mtu akikuita, hata akipiga kelele, hufikiwi. Lakini jeep yenyewe ikigongwa, inasikika mpaka kwenye usukani, unaihisi kwenye vidole. Ni bati moja kutoka nyuma hadi mbele. Fundi yeyote angemwambia Astrida hivyo siku ya pili, kama angeuliza mafundi badala ya kuniuliza mimi. Usiniamini. Kesho ukimaliza kusoma ukae ndani, funga vioo, umwambie mama yako agonge nyuma.

Na ulisema milango inajifunga yenyewe. Ni kweli pia. Inajifunga magurudumu yakianza kuzunguka. Jeep ikiwa imesimama, haijifungi. Mtoto anaweza kuifungua. Pale njia panda tulikuwa tumesimama.

Banza, aliyekuwa amekuja mjini kuuza mawe yake, alitoka kwenye kichochoro. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni. Alikuwa amejificha kwenye mtaro, kwa hiyo juu ya matope ya Kambove alikuwa na matope meusi ya mji mpaka mapajani, na goti moja lilikuwa linatoka damu. Alikuwa karibu na mlango wako, Yolande. Mkono wake ungefika. Angevuta tu ule mshikio angekuwa amekaa pembeni yako. Aliupita. Alizunguka nyuma, akagonga mara mbili, akasimama akangoja.

Nilisikia. Pigo la kwanza na la pili.

Watu husema katika hali kama ile akili inasimama. Yangu haikusimama. Sikuogopa bunduki, zilikuwa bado upande wa pili wa duka. Niliangalia suruali yake. Nikakumbuka kwamba Jumamosi nina bibi harusi, binti wa familia kubwa, familia iliyokwisha kunionya kuhusu usafi. Nikafikiria kushuka kutandika, nikaona hakuna muda wa kutandika. Na apande bila kutandikiwa? Hilo halikuja kichwani kwangu, mwanangu. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii nikilitafuta, labda lilikuja nikalifukuza. Halikuja. Nilikuwa nimelifundisha lisije.

Mbele kijana mmoja aliburuta gunia la mwisho, njia ikafunguka. Nikaingiza gia. Magurudumu yakazunguka, milango ikajifunga yenyewe, kakakaka, kama inavyofanya. Ndipo alipoanza kukimbia.

Wewe ulikuwa umegeuka, umepiga magoti juu ya kiti na mkanda umekubana shingo. Ulisema, "Papa! Papa mudogo iko anangoya bâche!"

Nikasema, "Haiko yeye. Kaa chini."

"Iko yeye! Iko anakimbia!"

"Nimesema kaa chini."

Kuna kitufe pale mkono wa kushoto, chini ya dirisha langu. Kidole kimoja kinafungua milango yote minne. Mkono wangu ulikuwa juu ya usukani, karibu kabisa na hicho kitufe. Risasi ilipolia, hiyo sikuisikia. Jeep ni nzuri sana kwa hilo.

Walituletea habari kabla ya jua kuzama. Mama yako alianguka kwenye saruji ya jikoni. Mimi nilitoka nje nikachukua ndoo. Nilikuwa sijawahi kuiosha jeep kwa mkono wangu tangu niwe patron, niliwapa watu kazi hiyo. Kwenye mlango wa nyuma zilikuwepo alama za ngumi mbili, zimekauka, na chini yake kiganja kizima, kile cha mwisho, cha kukimbia. Nilisugua mpaka rangi ya gari ikaanza kulia chini ya kitambaa. Nilipogeuka ulikuwa umesimama kwenye ngazi, unaangalia. Usiku huo ulipata homa.

Ilikuwa malaria tu, iliyokuwa imekujia kabla. Siku tatu za kwinini. Ulipopata nafuu uliniuliza kwa nini tulimwacha papa mudogo. Nilikushika paji la uso nikakwambia ni ndoto, ni dawa, kwinini inapiga masikio kelele na kuleta watu ambao hawapo. Ulikataa. Nikarudia. Kila ulipolileta nilicheka kidogo na kusema, "Ile ndoto yako tena?" Ukiwa na miaka kumi mwalimu aliwapa insha kuhusu ndoto, ukaandika hiyo, ukapata alama nzuri, ukaniletea niisome. Niliisoma yote mbele yako nikakusifu kwa mwandiko. Siku hiyo nilijua nimeshinda. Nimekosa mambo mengi katika maisha, lakini hilo nililifanya kwa uvumilivu, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto mwenye macho mazima akaacha kuyaamini.

Mazishi huyakumbuki, ulikuwa bado kitandani. Niliwaambia watu sanduku la mdogo wangu litabebwa na jeep yangu, hakuna gari lingine. Walinisifu. Nilikunja viti vya nyuma, na kabla hawajaliingiza sanduku, mikono yangu ilitoa turubai na kulitandika. Sikufikiri. Sanduku lilikuwa jipya, halina hata vumbi. Astrida alikuwa amesimama pale na kitambaa kichwani.

"Hata leo unamutandikia bâche?" alisema.

Halafu akaja karibu, akaniuliza polepole, "Yaya Modeste, ulimusikia?"

"Ile jeep haisikie kintu," nilimwambia. "Na milango inajifungaka."

Akapanda lori pamoja na wengine. Baada ya kilio alirudi kwao Pweto, akaanza biashara ya samaki wakavu, na kila mwaka ametuma kifurushi chenye jina lako juu yake, si langu. Mmekula samaki wake wewe na mama yako. Mimi nilisema wananidhuru tumbo.

Na ile Jumamosi, kama unajiuliza, nilikwenda. Kilio kilikuwa bado hakijaisha, watu wamelala kwenye mikeka uani, mimi nikafunga riboni. Bibi harusi alikaa, shela lake halikupata hata alama. Mama yake alinishika mkono akaniambia mimi ni mtu wa neno lake.

Mama yako hajakanyaga ndani ya jeep tangu wiki ile. Anakwenda kanisani kwa miguu hata kwenye mvua, anasema jeep inamtia kichefuchefu. Nadhani alihesabu ndoo za maji zilizotumika. Hajaniuliza, na mimi sijamshukuru kwa kutoniuliza. Tumeishi hivyo, tunapeana chumvi mezani.

Ungeweza kuniuliza kwa nini leo. Sikuandikii kwa sababu nakufa, sifi, nina afya ya punda. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimekupa funguo asubuhi, na uso uliokuwa nao niliutambua, niliuvaa mimi pale Kasumbalesa. Baada ya misa ulimwona Maman Kalenga, jirani yetu, anatembea na miguu yake iliyovimba, ukasimama kumchukua. Nikafurahi. Kisha nikakusikia kwa masikio yangu unamwambia, "Maman, ngoya kwanza kule nyuma, nitandike kitambaa." Na yule mama wa watu, anayekujua tangu ukiwa tumboni, akazunguka nyuma ya jeep akasimama kwenye jua, mikono ubavuni.

Sikukufundisha hilo kwa mdomo. Uliokota mwenyewe, kwenye mchezo wa mlango wa jikoni.

Nilitaka kukuvuta kutoka kwenye usukani kwa nywele. Sikufanya kitu. Nilikaa kiti cha mbele nikamsubiri Maman Kalenga apande, kama mtu mwenye adabu.

Kwa hiyo sasa unajua, na kukuambia kwangu si wema. Ningeweza kupanda nawe kesho, nikafika Pweto, nikamwambia Astrida mwenyewe. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Siendi. Namwogopa. Nakutwika wewe kwa sababu una mgongo wa kijana na mimi ni mwoga, na usimruhusu mtu yeyote akupambie hilo kwa jina lingine. Inawezekana akikusikia atakufukuza usiku huo huo na mizigo yako. Inawezekana utanichukia, na utakuwa na haki. Lakini ukimwambia sasa kwamba sikusikia, utakuwa umefanya kwa akili timamu nilichokifanya mimi, na hutakuwa na mtu wa kumlaumu. Nimekuondolea hata kisingizio hicho.

Wewe hukuota, Yolande. Uliona. Alikuwa yeye, na alikuwa anangoja bâche. Kila ulichosema ukiwa na miaka sita kilikuwa kweli, na kila nilichokujibu kilikuwa uongo. Ukiwa kazini, mgonjwa akakwambia alichokiona, hata kama ana homa, kaa chini umsikilize. Huo ndio ushauri pekee nilionao, na nimeuiba kwako.

Turubai liko chini ya gurudumu la akiba. Sikuwahi kulitupa, wala sijui kwa nini. Kabla ya kuondoka litoe, uliache hapa uani, mimi nitajua la kulifanya.

Bado ubaya mmoja wa viti sijakuandikia. Doa linaweza kusuguliwa, lakini harufu ikiingia kwenye ile ngozi haitoki tena. Ukifika Pweto utamkuta Mama Astrida pale wanapoanika samaki, miguu ina tope la ziwa na nguo zinanuka kazi yake. Atakuja kwenye jeep, na kama namjua vizuri, atakwenda nyuma kwanza, atasimama pale aliposimama mume wake, akuangalie utafanya nini. Shuka. Mfungulie mlango wa mbele. Usitandike kitu, wala usifute. Mweke hapo na vikapu vyake magotini.

Akishakaa, atauliza. Mwambie Banza aligonga mara mbili, na Modeste alisikia zote mbili.

Papa yako